Bega la Kabula na Sindano za Kocha

Jumamosi iliyopita nilipita kiwanja cha mpira wa wavu hapa Kambarage nikitoka sokoni. Nikamwona kijana mmoja anaruka, anapiga smashi, anatua, kisha anashika bega kwa mbele na kukunja uso. Halafu anaruka tena. Nilisimama na kikapu changu nikamtazama mpaka akaona haya, akaja kunisalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Bega linauma tangu lini?"

"Ah, haliumi hivyo, bibi. Ni kawaida ya mazoezi. Kuna jamaa kwenye simu anafundisha namna ya kulikanda."

Niliondoka. Nyanya zangu zilikuwa zinapondeka, na sikutaka kumtukana mtoto wa watu kabla ya chakula cha mchana. Lakini nilipofika nyumbani nilimwambia binti yangu Rehema anitafutie karatasi na kalamu. Nimefanya kazi ya kunyoosha viungo vya watu tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikawa nyeupe, na neno hilo "kawaida" nimelisikia kwa watu wa aina mbili tu: wasiojua bega lao linafanya nini, na wanaozungumzia bega la mtu mwingine. Basi nawaandikia ninyi mnaoruka na kupiga, na ninyi pia mnaosomea kazi yangu ya zamani mkiwa na makoti meupe yaliyopigwa pasi.

Serikalini kazi yangu iliitwa fiziotherapia. Mtaani nilikuwa mama wa masaji. Kwa sababu ya jina hilo wapo wanaume waliokuja kwangu na migongo mizima kabisa, wakitumaini. Hao niliwaegemeza ukutani, nikawaambia wachuchumae nusu na wabaki hivyo hivyo mpaka magoti yatetemeke. Hawakurudi, na migongo yao haikusikika tena.

Chumba changu cha hospitali kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya magodoro na mahali pa kufulia. Mashine hatukuwa nazo. Nilikuwa na rimu ya baiskeli niliyoitundika darini na kamba juu yake, mgonjwa avute mkono mmoja kwa msaada wa mwingine. Nilikuwa na vifuko vya marikani nilivyovishona mwenyewe na kuvijaza mbegu za pamba, hivyo ndivyo vyuma vyangu vya kunyanyua. Nilikuwa na tyubu za baiskeli zilizochanwa ndefu na kufungwa kwenye nondo za dirisha. Barafu niliomba kwenye friji ya chanjo, na muuguzi aliyeilinda alinitazama kila mara kana kwamba nimekuja kuiba mtoto. Leo mna mashine zenye taa, na mgonjwa analala pale mashine inapiga kelele wakati ninyi mnachati. Halafu mnashangaa kwamba haponi.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Elinami, kule Moshi nilikosomea. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa mafuta ya kukandia. Alituambia kuwa mafuta yanamfanya mgonjwa ashukuru na yanamfanya mtaalamu awe mvivu. Katika darasa letu alikuwepo kaka mmoja mwenye mikono laini, hodari wa kusifiwa. Siku moja alimkanda mzee mmoja bega muda mrefu, kwa madaha, sisi tunatazama. Mwalimu Elinami akaja akamuuliza mzee anajisikiaje. Mzee akasema, "Vizuri sana, mwanangu. Ila bega linaloumwa ni hili jingine. Nilimwona anafurahia, nikamwacha." Kaka yule baadaye aliacha kazi ya hospitali akaenda kwenye siasa, na sikushangaa.

Mwalimu alitutaka tuanze kwa kuuliza, na swali lake la kwanza kwa mwenye bega bovu lilikuwa moja: nionyeshe kwa kidole kimoja. Mtu anayepapasa kwa kiganja kizima anaumwa mahali pengine, pengine ni shingo, pengine ni moyo wake umechoka. Lakini yule anayeweka ncha ya kidole hapa mbele, kwenye kijifereji cha mfupa, na kukiacha pale pale, huyo anakuonyesha kano.

Kano ni ile kamba nyeupe ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Mmeitafuna kwenye supu ya kongoro. Msuli wa mbele wa mkono, huu mnaoukunja mkipiga picha, umeshikizwa begani kwa kano mbili. Moja ni fupi na haina maneno. Ya pili ni ndefu, inapanda kwenye kile kijifereji, inapinda juu ya kichwa cha mfupa na kuingia ndani kabisa ya bega. Fikirini kamba ya kisimani inayopita kwenye ukingo wa saruji. Ukiteka maji ya nyumbani, itadumu. Ukitekea ng'ombe wa kijiji kizima, kutwa, kiangazi chote, itaanza kuchakaa pale pale inapopinda. Mpiga smashi na mrusha mkuki wanatekea ng'ombe. Nao wachimbaji wa dhahabu wanaogonga mwamba ulio juu ya vichwa vyao wana mabega hayo hayo, ila wao hakuna anayewapigia makofi.

Sasa niwaambie juu ya Kabula.

Kabula alizaliwa upande wa Mhunze, kwa wafugaji. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, na akiruka ungedhani amesahau kushuka. Jineri moja ya hapa Shinyanga, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, ilimwajiri kwa ajili ya mpira. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita ya Uganda, na kila kiwanda na kila shirika lilikuwa na timu. Mwenye kipaji alipewa kazi ya kukaa kwenye kiti ili jioni awe na nguvu. Kabula aliwekwa mapokezi. Pamoja na kazi hiyo alipewa chumba na sebule katika nyumba za kiwanda, akaishi humo na mwanawe mdogo Masanja na mama yake mzazi. Baba wa mtoto alikwenda machimboni na hakurudi. Kwa hiyo bega lile lilikuwa linalipa paa la watu watatu.

Kocha wao aliitwa Hamdani, mtu wa kuja kutoka Tanga. Alikuwa na filimbi shingoni hata akihudhuria harusi. Alijua kuipiga. Nimejitahidi kukumbuka kitu kingine alichokijua na sijafanikiwa. Alikuwa amefunga mpira kwa kamba kwenye tawi la mwarobaini nyuma ya maghala, na wasichana waliupiga kila jioni mpaka wasiuone kwa giza. Aliyelalamika aliambiwa ana uvivu wa kishamba.

Kabula alikuja chumbani kwangu amejifunga khanga mabegani wakati jua linawaka.

"Shikamoo, Mama Rehema."

"Marahaba, Mama Masanja. Nionyeshe kwa kidole kimoja."

Kidole chake kilikwenda moja kwa moja mbele ya bega la kulia. Nikaweka changu pale, nikauzungusha mkono wake taratibu, ndani na nje, nikaisikia kano inateleza chini ya ncha ya kidole changu. Akauma midomo. Nikamwambia anyooshe mkono mbele, kiganja kitazame juu, anizuie nikisukuma chini. Nilisukuma kwa nguvu ya kubonyeza unga, mkono ukaanguka.

"Ulimeza nini au ulipaka nini?"

Alikuwa amepaka chumvi ya moto ndani ya kitambaa, mafuta ya taa, na mafuta ya simba aliyouziwa sokoni. Niliyanusa yale mafuta. Simba yule alikuwa amekula majani maisha yake yote na alikuwa na pembe.

Nikampeleka kwa Daktari Kapinga, daktari wetu wa hospitali, mtu mpole aliyependa kunyamaza. Alimpima kama nilivyompima, akatikisa kichwa, akasema kano imevimba na kuchubuka: asipige smashi wiki sita, mazoezi mengine yote afanye. Hatukugombana hata neno moja, daktari na mimi. Nasema hivyo kwa sababu wajukuu wangu wanadhani hadithi za hospitali lazima daktari awe mjinga. Wajinga walikuwa nje ya hospitali, na walitutosha.

Kesho yake Kocha Hamdani aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi.

"Mama Rehema, umemwambia nini mchezaji wangu?"

"Apumzishe smashi. Akimbie, aruke, apokee mipira ya chini. Miguu yake haijaumia."

"Na smashi atapiga nani?"

"Una mikono miwili, kocha. Piga wewe."

"Kombe la kanda liko karibu. Meneja amelitaja mbele ya wakubwa. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa kwamba meneja ameahidi bega ambalo si lake."

Akapuliza pumzi kupitia filimbi, pengine bila kukusudia, na sauti ndogo ikatoka. Akaondoka.

Kabula alikuja kwangu kama nilivyomwagiza. Nilimfundisha kuvuta tyubu dirishani, kiwiko kikiwa kimebana ubavu, mkono ukienda nje polepole na kurudi polepole, ili misuli ya nyuma ya bega ishike kichwa cha mfupa mahali pake. Nilimfundisha kurudisha mabega nyuma kama mtu anayebana sarafu kati ya makombe ya mabega. Nilimchuchumaza na kumfanya aruke, kwa sababu Mwalimu Elinami alitwambia kwamba nguvu ya kupiga inatoka miguuni na kiunoni, na bega likiachwa peke yake litafanya kazi ya watu watatu mpaka life. Alianza kucheka akiwa mazoezini. Maumivu yalipungua. Kisha ghafla akaacha kuja.

Nilipokutana naye sokoni alisema amepona. Nilitaka kuamini, nikaamini nusu.

Kombe lilichezewa Geita. Kiwanda kiliomba hospitali iwape mtu wa huduma ya kwanza, na nikapangwa mimi na mkoba wangu wa bandeji. Tulisafiri na lori la pamba njia ya Kahama, juu ya marobota, vumbi limetupaka mpaka kope. Wasichana waliimba njia nzima. Kocha alikaa mbele na dereva, kwa sababu alikuwa na mafua.

Kiwanjani kulijaa watu. Wachimbaji walikuja moja kwa moja kutoka mashimoni, miguu myekundu mpaka magotini, na wanunuzi wao wa dhahabu walisimama pembeni na miwani myeusi. Mechi ya fainali ilianza, na Kabula akacheza kama sijapata kumwona. Alipiga bila kusita. Aliporuka hakukunja uso hata kidogo, na hicho ndicho kilichonitia wasiwasi. Bega lililopona bado linajilinda kidogo. Lile lilikuwa halijilindi kabisa, kama mtoto aliyelala usingizi barabarani.

Walipopumzika kati ya seti nilimpelekea maji.

"Kabula, umefanya nini bega lako?"

Alitazama chini. "Kocha alinipeleka kwa mtu wa zahanati moja kule mtaani. Amenichoma."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Ya mwisho jana, kabla ya kupanda lori."

"Alichoma wapi?"

Akaweka kidole. Pale pale mbele, juu ya kano yenyewe.

Ninyi mnaosomea kazi hii sikilizeni, na ninyi wachezaji sikilizeni zaidi. Ile dawa ya kushusha uvimbe aliyochomwa si sumu. Daktari anayejua anaiweka pembeni ya kano, mara moja, kisha anakuamuru upumzike, na wengi imewasaidia. Lakini kuichoma ndani ya kano yenyewe, tena na tena, pamoja na ganzi, kisha kumrudisha mtu kiwanjani, ni kuilowesha kamba iliyochakaa mpaka ilegee na kuizima kengele iliyokuwa inamwonya. Maumivu ya Kabula yalikuwa yanamwambia ukweli. Walimnyamazisha shahidi, wakasema kesi imekwisha.

Nilimfuata kocha.

"Mtoe."

"Nani?"

"Kabula. Mtoe sasa hivi. Kano itakatika."

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama meneja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai. "Mama Rehema, wewe kazi yako ni maji na bandeji," alisema. "Si unaona anavyopiga? Mimi nimemponya, wewe ulishindwa."

Nikarudi kwa Kabula. Nikamwambia asirudi ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akasema, "Nikitoka leo, mama na Masanja watalala wapi?" Filimbi ikalia, akarudi ndani.

Mpira ulipandishwa juu karibu na wavu. Akaruka. Niliusikia mlio kutoka pale nilipokuwa nimesimama, mlio mfupi wa kitu kikavu. Mpira uligonga wavu na kuanguka upande wetu. Kabula alisimama tu, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anautazama kama kitu alichookota. Hakulia. Nilipofika aliniambia kwa sauti ya chini:

"Mama Rehema, mnofu umeshuka."

Ulikuwa umeshuka kweli. Msuli wa mbele ulikuwa umejikunja karibu na kiwiko, umevimba kama yai la bata, na juu yake pakabaki bonde. Nilimfunga mkono kwenye khanga yake.

"Usiwaambie ni kubwa," alisema. "Tafadhali. Sema nimeteguka."

Sikuhitaji kusema chochote. Hakuna aliyeniuliza. Seti ile walishindwa, na iliyofuata pia, na meneja akaondoka kabla ya mwisho akisema ana kikao.

Usiku ule kocha alipata maelezo ya kushindwa kwake. Watu wa Geita walikuwa wamefukia dawa kwenye nguzo ya wavu. Asubuhi, kabla ya kupanda lori, aliazima jembe, yeye na wazee wawili wa kamati ya timu wakaanza kuchimba pale chini ya nguzo. Wachimbaji waliokuwa wanakwenda kazini wakasimama kutazama. Mmoja wao, ana nyundo begani, akasema kwa upole kabisa, "Kaka, hapo hakuna mwamba. Unapoteza nguvu." Mwingine akamuuliza kama ana leseni. Walichokipata ni kizibo cha soda. Kocha alikifunga kwenye leso kwa uangalifu akarudi nacho Shinyanga kama ushahidi, na wapo watu wazima, wenye kazi na suruali za kupiga pasi, walioomba kukiona.

Kwenye lori hakuna aliyeimba. Nafasi kando ya Kabula ilibaki wazi, kwa sababu nani ajuaye kama dawa inaambukiza. Nikakaa mimi.

Baada ya muda usiofika mwezi kiwanda kilimwambia Kabula kwamba mapokezi yamepata mtu mwingine na kwamba yeye atahamia sakafuni, kwenye marobota. Mtu mwenye mkono mmoja mzima ahamie kwenye kubeba marobota. Alipokwenda kueleza, aliambiwa kama hawezi kazi basi na nyumba aiachie. Aliniambia meneja alikuwa anakula karanga wakati anasema hayo, na alimkaribisha.

Nilimtafutia chumba Kambarage, katika ua wa jirani yangu. Mama yake alikwenda naye kwanza kijijini kwa nfumu, mganga wao, aliyemchanja chale juu ya lile bonde la mkono. Walirudi wakiwa wanyonge wote wawili. Sikumcheka yule mama. Alikuwa ameuza mbuzi, na alikuwa anatafuta msaada pale alipopajua. Wa kuchekwa ni yule wa kizibo cha soda. Nilizitazama zile chale, nikasema zimechanjwa na mtu makini, zimenyooka, na kwamba sasa twende kwa daktari.

Daktari Kapinga aliupima mkono, akamkalisha Kabula, akamweleza polepole kwa maneno mepesi. Kano ndefu imekatika na haitaunganika. Lakini ile fupi ipo, na misuli mingine ipo. Donge karibu na kiwiko halitaondoka, ni la maisha. Nguvu ya kuzungusha mkono itapungua kiasi. Nyingine zitarudi akifanya kazi.

"Na maumivu?" Kabula aliuliza.

"Unayasikia?"

Akafikiri. Akainua mkono, akaushusha. Niliona uso wake unabadilika.

"Siyasikii," alisema. "Tangu wiki ile. Niliogopa kusema, nilidhani mkono umekufa."

"Kilichokuwa kinauma kimekatika," daktari akasema. "Huwa hivyo."

Machozi yakaanza kumtoka, yale ambayo hakuyatoa Geita. Mama yake, ambaye Kiswahili hakikumkaa vizuri, aliniuliza kwa Kisukuma kama mtoto amehukumiwa kufa. Nikamwambia hapana, mayu, yaani mama, ameambiwa atalima. Akasema, "Wabeja," asante, akakaa chini sakafuni akapumua.

Tulianza upya. Rimu ya baiskeli, tyubu, vifuko vya mbegu za pamba. Mwanzoni hakuweza kushika sufuria. Kisha akashika. Kisha akateka maji. Alikuja kila asubuhi kabla ya wagonjwa wengine, na safari hii hakuacha, maana hapakuwa na mtu wa kumwambia amepona. Wakati ule serikali ilikuwa inatafuta walimu wa shule za msingi hata waliomaliza darasa la saba, wafundishwe kazi huku wakifundisha. Kabula akaomba, akachukuliwa. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa mapokezi, na nyumba haikuwemo. Lakini hakuna aliyemwajiri kwa ajili ya kano.

Jumamosi alianza kucheza na wauguzi wa hospitali yetu, kwa kujifurahisha tu, kwenye kiwanja chenye mawe. Nilimwambia anaweza, ila apige kwa miguu na kiuno, na akichoka aache. Alipiga. Donge lilipanda na kushuka kwenye mkono wake kama panya ndani ya soksi, na mpira ulikwenda kule kule alikoutaka. Akichoka aliacha. Mambo ni rahisi namna hiyo, na bado watu wanayakosa.

Habari zilimfikia Kocha Hamdani. Mji wetu ni mdogo.

Walikuja yeye na meneja, alasiri moja, wamevaa mashati ya Ijumaa. Nilikuwa pale uani nachambua mchele na mama yake Kabula. Meneja alibeba mfuko wa khaki, akauweka mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa sukari. Wengi wenu hamjui sukari ilikuwa nini miaka ile. Watu waliifungia kabatini na ufunguo wakauvaa shingoni. Mfuko ule ungeweza kuposa.

"Mwalimu Kabula," meneja alianza, na hapo nikajua wana shida, maana zamani alimwita "wewe binti." "Kiwanda kimeliangalia upya suala lako. Ile nyumba iko wazi. Mapokezi pia. Tunachoomba ni urudi nyumbani."

"Timu haina mpigaji," Hamdani akaongeza. "Yule mwingine naye bega linamsumbua kidogo. Kawaida tu."

Kabula aliwasikiliza. Akawakaribisha viti. Akauchukua mfuko, akawashukuru, akaenda jikoni. Mimi niliacha kuchambua mchele. Nilijua chumba kile alichopanga kilivuja, nilijua Masanja analala miguuni pa bibi yake, na nilijua ningekuwa mimi ningefikiri.

Akatoka na sufuria kubwa, ile ya shughuli, ameazima kwa jirani. Akaibandika pale pale uani mbele yao, akajaza maji na majani ya chai. Yakachemka. Kisha akauchana ule mfuko akaumimina wote ndani, mpaka chembe ya mwisho, akakung'uta na karatasi.

Meneja alisimama nusu. "Mwalimu, hiyo ni ya kuweka."

Kabula alikuwa anakoroga, kwa mkono wa kulia. Akaita wapangaji wote wa ua ule, na wa ua wa pili, kila mtu na kikombe chake. Walikuja mbio, wengine na vibakuli. Akamchotea mama yake kwanza, kisha mimi. Ilikuwa nzito kama uji, meno yaliuma. Kisha akawachotea wageni vikombe viwili vilivyojaa, akawapa kwa kupiga goti kidogo kama inavyostahili kwa wageni.

Wakashika vikombe. Watu wote walikuwa wanakunywa na kusifu. Hamdani alionja, akameza kwa shida.

"Sasa, mwalimu," meneja akasema, "jibu lako tulipate lini?"

"Nimeshawapa," Kabula alisema. "Sikubakiza hata chembe. Malizeni chai, inapoa."

Wakamaliza.